Mtu wa Lifti na Mkunga wa Zamu ya Usiku

Mume wangu alifanya kazi ndani ya lifti ya jengo la manispaa tangu ujana wake, na kama kuna mtu anadhani hiyo si kazi, aje aniambie mimi, asimwambie yeye, maana yeye atacheka tu na kumkubalia. Ndivyo alivyo. Mimi sivyo nilivyo.

Aliajiriwa enzi za lifti ya zamani, ile yenye geti la chuma la kukunja na mkono wa kuzungusha. Bila mtu anayeijua ilikuacha katikati ya ghorofa mbili ukitazama ukuta. Baadaye wakaleta lifti mpya ya vitufe, inayojifungua na kujifunga mlango yenyewe. Fundi aliyeifunga akamwambia, "Mzee, hii hata mtoto anaiendesha." Mume wangu akamshukuru, akaweka kiti chake cha mbao karibu na vitufe, akakaa. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lifti ilibadilishwa, yeye akasahaulika humo ndani, na mshahara ukaendelea kuingia. Watu wakambandika jina la Ghorofa, naye akaliitikia kwa raha zake.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuwahi kumwuliza mtu anakwenda ghorofa ya ngapi. Alimwuliza, "Shida gani leo?" Ukisema maji, unapelekwa ya pili. Kodi, ya nne. Ukisema kiwanja, unapelekwa ya tano na unapewa pole kabla hujafika. Vizazi na vifo vilikuwa ghorofa ya tatu, mlango mmoja, na kwa hao alitazama uso kwanza ndipo ajue kama aseme hongera au pole. Siku akikosea, jioni hali chakula. Mji mzima ukazoea hivyo. Hata wafanyakazi wa jengo lenyewe, watu wa tai na mikoba, waliingia wakasema "Kodi" au "Mkurugenzi", kisha wakageuka kutazama mlango kama wamelipa nauli.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Tulimsomesha kwa lifti ile na kwa cherehani yangu, maana mimi nashona mapazia na mashuka hapa nyumbani. Akasoma uchumi. Siku aliyorudi na shahada yake, babake alimpandisha mpaka juu kabisa akamshusha mpaka chini, bila shida yoyote, kwa furaha tu. Mwaka uliofuata akaajiriwa humo humo, idara ya mipango na bajeti, ghorofa ya sita. Wakawa wanaondoka pamoja asubuhi, baba kambebea binti mkoba, nami niko dirishani najiona tajiri.

Sasa msikilizeni huyo mchumi wangu.

Jioni moja tunakula, akaacha kijiko. Akasema, "Baba, nimepewa kazi ya kupitia nafasi zote za ajira za manispaa. Niandike zipi zibaki na zipi ziondoke."

"Kazi ya kuaminiwa hiyo, mama," babake akasema. Humwita mama tangu akiwa mchanga.

"Na ya kwako imo, Baba."

"Imo wapi?" nikadakia mimi.

Akamtazama babake, macho yamejaa machozi. "Katika zinazoondoka. Nilimwambia bosi wangu kwamba wewe ni baba yangu, ampe mwingine. Akasema naweza kumwachia mwenzangu nikitaka. Lakini mwenzangu ataandika hivyo hivyo, na mimi nitakuwa nimejificha tu nyuma yake. Nimeona heri uyasikie kwangu."

Loh! Nilisimama, kiti kikaanguka. Sikumbuki yote niliyoyasema, na mengine nayakumbuka lakini hayafai kurudiwa. Nilimwambia nilishona mpaka macho yakafifia ili yeye asome, kumbe nalipa karo ya mtu wa kuja kumwaga unga wa babake. Nilimwita Mheshimiwa Mchumi. Nilimwuliza kama huko chuoni walimfundisha pia kuwauza wazazi au hilo alijifunza mwenyewe.

Akaninyamazia. Kunyamaziwa huwa kunanichoma zaidi, basi nikaingia kwenye uchumi wake.

"Hebu niambie," nikasema. "Mshahara wa babako unalala? Haulali! Unakwenda kwa mwenye nyumba. Unakwenda kwa muuza mboga, kwa fundi viatu, kwa mwenye duka. Fundi viatu naye ananunua pazia kwangu. Ukimtoa babako, mtaa mzima umeuvua blanketi!"

"Ni kweli, Mama," akasema taratibu. "Unazunguka. Lakini pesa hiyo haizaliwi ndani ya lifti. Inatoka kwa watu hao hao. Muuza mboga amelipia kibanda, mwenye duka amelipa leseni. Na tukimpa mtu mwingine itazunguka vilevile, naye atanunua mboga na atashonesha viatu. Kwa hiyo kuzunguka peke yake hakunisaidii kuchagua. Mimi nauliza, ikishapita, imeacha nini?"

"Imeacha babako na kazi!"

"Mama, kama kazi yenyewe ndiyo tunayoitafuta, kwa nini tusiajiri wawili? Mmoja wa kupandisha watu, mwingine wa kuwashusha."

Mume wangu akaangua kicheko. "Mimi nipeni ya kushusha," akasema. "Watu wakishuka huwa shida zao zimeshasikilizwa, hawana maneno mengi."

Nilitaka kumtupia mwiko. Mtu anaondolewa kazini, anachekelea!

Ila akaacha kucheka, akasogeza sahani. "Na ukiitoa hiyo ya kwangu, mama, inakwenda wapi?"

Binti akamweleza. Kulikuwa na kituo cha afya upande wa pili wa mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Wodi yake ya wazazi ilikuwa inafungwa jioni, kwa sababu mkunga alikuwa mmoja naye ni binadamu, hulala. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, anavuka mji mzima kutafuta hospitali kubwa, na si wote waliofika. Mshahara wa mtu wa lifti, ukijumlisha na wa mtunza stoo ya taipureta, ungetosha kumlipa mkunga wa usiku. Taipureta zenyewe ziliuzwa zamani. Aliyekuwa akizitunza alikuwa bado analipwa kulinda chumba.

"Na huyo mkunga ni nani?" mume wangu akauliza.

"Simjui, Baba. Hajaajiriwa. Wapo wengi waliohitimu, wako makwao, wanangoja nafasi."

"Kwa hiyo yupo mahali amekaa."

"Yupo."

"Anasubiri mimi niinuke."

"Sikusema hivyo, Baba!" Na hapo akalia. Alilia kwa kwikwi, na katika kulia kwake akasema jambo ambalo nililichukia usiku ule lakini halijanitoka kichwani mpaka leo. Alisema, "Wewe nakuona kila siku. Najua soksi zako zilizotoboka. Yule simwoni, simjui hata jina. Nikikubakisha wewe kwa sababu nakuona, basi kila mwaka atakayeshinda ni mwenye mtu ndani ya jengo lile, na asiye na mtu atazalia njiani."

"Huyo usiyemwona ndiye aliyekulea?" nikamwuliza. "Basi sikiliza. Mimi serikali naijua. Pesa itatoka kwenye lifti, itaingia kwenye gari la mkubwa, na mkunga wako atabaki kwenye karatasi. Mimi na wewe hatuna la kuongea mpaka nimwone huyo mkunga kwa macho yangu haya mawili."

"Hilo hata mimi naliogopa, Mama. Nimeandika kuondoa na kuajiri viende pamoja. Nitafuatilia."

"Fuatilia."

Mume wangu akanyoosha mkono juu ya meza, akamfuta binti machozi kwa kiganja. "Andika, mama," akamwambia. "Andika vizuri, wasije wakakurudishia."

Wakampa kiinua mgongo, wakampa saa ya ukutani, mkurugenzi akatoa hotuba nzuri sana. Ghorofa akaja nyumbani.

Iliniuma, na sitaki kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kusema alizoea haraka. Aliamka saa ile ile, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazini, akaketi sebuleni kwangu akitazama mlango. Jirani akibisha hodi, yeye amekwisha simama, "Karibu, shida gani leo?" Watu walicheka, naye alicheka nao, kisha akikaa mabega yake yanashuka. Mchana alikwenda kukaa kwa fundi viatu, akarudi mapema kwa sababu, alisema, pale hapana watu wa kutosha. Mtu aliyekuwa akiongea na mji mzima sasa alibaki na mimi, na mimi nimenuna.

Binti yetu, aliyekuwa amehamia chumba cha kupanga baada ya ugomvi ule, alikuja jioni ya siku ile ya kwanza ambayo lifti iliendeshwa bila mtu. Sikumwitikia salamu. Nilikaa kwenye cherehani, mgongo kwake, nikakanyaga kwa nguvu ili kelele zimfunike. Lakini alianza kumsimulia babake, nami nikajikuta nakanyaga polepole, polepole, mpaka cherehani ikasimama kabisa.

"Baba, asubuhi tuliingia tumejaa," akasema. "Mzee mmoja akasema 'Maji.' Mama mmoja mwenye kichanga akasema 'Vizazi.' Mhasibu wetu akasema 'Kodi', akatazama mlango. Mimi sikusema kitu, maana mimi hukuwahi kuniuliza. Mlango ukajifunga. Tukasimama. Baba, tulisimama tu! Tunasubiri. Kila mtu anamstahi mwenzake. Mlango ukafunguka tena, tuko pale pale chini, watu wengine wakasukumana kuingia, nao wakataja shida zao, mlango ukajifunga tena."

Mume wangu alikuwa ameshika mbavu. Sijawahi kumsikia akicheka vile. "Ikawaje?"

"Yule mzee wa maji akasema, 'Jamani, Ghorofa mgonjwa?' Ndipo tukazinduka. Na hapo tena hakuna aliyejua maji ni namba ngapi. Mhasibu amefanya kazi humo miaka na miaka, akabonyeza zote. Na mimi, Baba, mimi niliyeandika kwamba lifti inaweza kuendeshwa na mtumiaji yeyote, nilikuwa nimesimama pembeni ya kiti chako nakusubiri unipeleke."

Mume wangu akaacha kucheka.

"Niliandika hufanyi kitu, Baba."

"Hukukosea sana. Bandikeni kibao. Maji mbili, vizazi tatu, kodi nne. Wiki moja watu watajua."

"Kibao hakitampa mtu pole."

"Hakitampa," akakubali. "Hilo watalikosa kidogo. Ila mkiliweka kwenye mzani na mwanamke anayejifungulia barabarani, mama, hata mimi najua upande utakaolala."

Nilitaka kugeuka. Nilitaka kuinuka nimkumbatie mwanangu, nimwambie kula, umekonda. Badala yake nikasema kwa ukuta, "Mwambie mwanao chai ipo kwenye chupa." Maana neno langu nilikuwa nimeshalitoa, na mkunga nilikuwa sijamwona.

Basi tukaishi hivyo. Binti anakuja, mimi naongea na babake kuhusu yeye naye amekaa hapo hapo. "Mwulize mwanao, mkunga wake bado anafunga kamba za viatu?" Na kweli ilichelewa. Kibali kilipotea meza hii, kikaonekana meza ile, mara bajeti imefungwa, mara mtu wa saini yuko safarini. Kumbe kuondoa mtu ni saini moja na kuajiri ni saini za ukoo mzima. Binti alikuwa akipanda na kushuka jengo lile akifuatilia, babake akaniambia, mpaka wenzake wakaanza kumkwepa. Nilijidai kufurahi. Rohoni sikufurahi. Kila nilipofikiri kwamba mume wangu ameinuka na kiti kimebaki kitupu, hakuna aliyekaa upande wowote, nilishindwa kushona.

Kisha jioni moja mume wangu akarudi kutoka matembezi, akavua viatu, akasema kama anayetaja hali ya hewa, "Yule mkunga wa usiku ameanza."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu."

Asubuhi iliyofuata, jua halijatoka, nilivaa gauni langu la kwendea kugombana, lile lenye kola, nikaenda. Nilitaka nimkute kabla hajatoka zamu. Na nilikuwa nimejiandaa! Nikimkuta amelala, nitasema. Nikikuta mlango umefungwa, mji mzima utasikia.

Mlango ulikuwa wazi. Nje, kijana mmoja mwanamume alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, ameshika kanga iliyokunjwa, anatabasamu peke yake. Akaniamkia, "Shikamoo, mama, nimepata mtoto," hata sijamwuliza. Nikamwitikia, nikampa hongera, ningefanyaje?

Mkunga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, amevua viatu. Ka-binti kembamba, sare imemzidi ukubwa, vidole vya mikono vimekunjamana kwa kunawa sana. Miguu ilikuwa imevimba. Aliponiona akaanza kuinuka, anatafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Wewe ndiye wa zamu ya usiku?"

"Ni mimi."

Maneno yote niliyokuja nayo yakanipotea, nikabaki na hili tu: "Mimi ni mke wa mshahara wako."

Maskini, alinitazama akadhani nimepungukiwa akili. Ikabidi nikae pale ngazini nimweleze, lifti, vitufe, binti yangu, taipureta, yote. Alinisikiliza mikono mapajani.

"Mimi nilimaliza masomo nikakaa nyumbani," akasema. "Nilikaa mpaka wadogo zangu wakawa wananiita mkunga wa jikoni. Nilianza kusahau. Usiku nilikuwa najipima kichwani, mtoto akitanguliza miguu nafanya nini, damu ikizidi nafanya nini." Akatazama chini. "Sikujua kuna mtu ametolewa."

"Hakuna aliyekwambia."

"Ni mzee mrefu hivi? Anaongea taratibu?"

"Ndiyo."

"Basi alikuja! Siku yangu ya kwanza, jua linazama. Alikaa kwenye benchi, nikamwuliza anaumwa nini, akasema haumwi, amekuja kuangalia kama nimeanza. Nikamwambia nimeanza. Akauliza kama taa zinawaka vizuri. Nikamwashia akaziona. Akasema, 'Haya, vizuri,' akaenda zake. Nilidhani ni mkaguzi, mama. Nilitetemeka usiku mzima." Akasita. "Ananichukia?"

"Yeye hajui kuchukia," nikasema. "Nilikuwa namsaidia mimi."

Ndani mtoto akalia, kisha akanyamaza, nadhani amepewa ziwa. Nikatoa simu. Sikuwa nimempigia mwanangu tangu usiku ule wa mezani. Alipokea kabla haijalia mara ya pili, pumzi juu.

"Mama? Baba amepatwa na nini?"

Ala! Mtoto wangu mwenyewe akiona namba yangu anafikiri kifo. Nilifunga macho.

"Babako mzima. Nipo huku kituoni. Nimemwona mkunga."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Nimemwona, mwanangu. Yupo kweli. Amezalisha usiku, hapa nasikia mtoto. Kazi ya babako iliniuma na bado inaniuma, hilo sitakudanganya, lakini na wewe sina kinyongo tena. Nimekuwa na hamu na wewe mpaka nimechoka. Njoo nyumbani leo tuongee, uniite mama, nikuitikie."

Alilia kwenye simu, nami nikalia palepale ngazini bila kujificha, na yule mkunga, aliyekuwa amekesha kwa miguu yake na zamu yake imekwisha, akaingia ndani akaniletea maji ya kunywa.